Mama Rula na Kilele cha Pili

Siku ya kwanza kumwona Mama Rula nilikuwa juu ya ngazi, namalizia bango la duka la dawa. Kopo la rangi ya buluu lilikuwa limening'inia kwenye ndoano na brashi iko mkononi. Sauti ya mwanamke ikatoka chini, bila hata salamu: "Fundi, herufi yako ya nne imelala."

Nikatazama chini. Alikuwa mama wa miaka sitini na ushei, mrefu, mkavu kama ufito, amevaa gauni la kijivu lenye mfuko kifuani. Mahali ambapo mtu mwingine angeweka kalamu au leso, kwake ilichomoza rula ya chuma.

"Imelala wapi, mama?"

"Kwenye bango, wapi tena? Imemwegemea jirani yake kama mlevi kwenye foleni."

"Nitaitengeneza baadaye."

"Baadaye rangi imekauka. Itengeneze sasa."

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili ya kuchora mabango na hakuna mteja aliyewahi kulalamika, na huyu hata mteja hakuwa. Nilitaka kumwambia aende zake. Lakini mimi tangu utotoni maneno makali hunigandia kooni, yanayopita ni ya upole tu. Nikasema, "Sawa, mama," nikachukua kitambaa, nikafuta, nikaandika upya. Alisimama palepale juani mpaka nikamaliza.

"Sasa imekaa," alisema, akaondoka.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba kweli ilikuwa imelala.

Wenye maduka ndio waliompa jina la Mama Rula. Muuza dawa alinisimulia habari zake. Alikuwa amefanya kazi ofisi ya ramani miaka thelathini na moja, akiandika kwa kalamu ya wino majina ya mito na vilima, enzi ambazo mashine za kazi hiyo zilikuwa hazijaja. Alipostaafu akahamia mtaani kwetu na kaka yake mkubwa, mpima ardhi wa zamani, mzee aliyekuwa akishinda kwenye kiti dirishani bila kusema na mtu. "Yule mama," muuza dawa alisema, "ukimkatia bendeji anaipima mbele yako. Mara mbili."

Wiki tatu baadaye akaja bandani kwangu. Nilikuwa nasafisha brashi kwenye mafuta ya taa. Alitazama mabango yaliyoegemea ukutani moja baada ya jingine, kama mwalimu anayesahihisha madaftari, akatikisa kichwa kwa yote, halafu macho yake yakaangukia pikapu yangu.

"Gari hili linatembea?"

"Linatembea, mama."

"Linatembea au linasukumwa?"

"Inategemea na siku."

"Litanipeleka mlimani. Ule wa jangwani, wenye vilele viwili."

Nilicheka, nikidhani ananitania. Hakucheka. Mlima ule ni mwendo wa siku mbili kutoka kwetu, na siku ya pili nzima ni mchanga na mawe, hakuna hata mti wa kujisaidia nyuma yake.

"Mama, mimi ni mchora mabango."

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Dereva atanifikisha chini ya mlima, basi. Nataka mtu mwenye mkono."

Akaketi juu ya kopo tupu, akaomba karatasi, akanieleza. Miaka ishirini na sita iliyopita kaka yake alitumwa kuupima mlima ule. Alipanda kilele kilicho kirefu zaidi, cha kulia, akagonga kipande cha nondo kwenye mwamba, akakizungushia saruji, akaandika vipimo kwenye kitabu chake. Kitabu kikaletwa ofisini, na kazi ya kuchora ramani akapewa mdogo wake, yaani huyuhuyu Mama Rula. Kilele kilichopimwa walikuwa wanakionyesha kwa pembetatu ndogo.

"Wino ulikuwa unachelewa kukauka," alisema. "Kwa hiyo tulikuwa tunageuza karatasi juu chini, mkono usipite juu ya wino mbichi. Wewe unalijua hilo."

Nilikuwa nalijua. Hata mimi bango refu hulipindua hivyohivyo.

"Siku ile niligeuza karatasi, halafu nikasahau kwamba nimeigeuza. Pembetatu ya kulia nikaiweka kushoto."

Akaigeuza karatasi yangu mbele ya macho yangu, polepole, kama mtu anayemgeuza mgonjwa kitandani.

Mwaka uliofuata wakubwa walituma watu wawili kukagua. Wakafuata ramani, wakapanda kilele cha kushoto, wakatafuta nondo, hawakuona hata kutu. Wakarudi na neno moja: mpima hakupanda, alilala kwenye hema akabuni vipimo. Wakamwondoa kwenye kazi ya kupima, wakamweka stoo, agawe kamba na mahema kwa wapima wengine. Akagawa kamba na mahema mpaka siku ya kustaafu.

"Hakujitetea?"

"Hakusema neno. Alitia saini, akaenda stoo."

"Na wewe ulijua lini, mama?"

"Mwezi uleule. Nilifungua kitabu chake nikaona." Akapitisha rula juu ya goti lake, kwenda na kurudi. "Nilikuwa na watoto wawili na mume kaburini. Kosa lile lilikuwa la kufukuzwa kazi. Nikasema nitasema kesho."

"Kesho ipi?" Lilinitoka tu.

"Hii. Macho yake yanakwisha, daktari amesema ni suala la miezi. Nataka kitu cha kumwekea mbele akiwa bado anaona. Maneno matupu siwezi kumpelekea, maneno yangu kwake hayana thamani."

Nilikuwa na mabango manne ya watu. Nilikuwa na sababu kumi na mbili za kukataa, zote nzuri, zote zimejipanga mdomoni. Nikasema, "Sawa, mama."

Asubuhi ya safari alinifanya nishushe mizigo yote mara tatu. Mara ya kwanza kwa sababu madumu ya maji yalikuwa upande mmoja na gari lingeinama. Mara ya pili kwa sababu aliyapima maji kwa rula, dumu kwa dumu, akagundua moja limepungua vidole viwili. Mara ya tatu sijui kwa sababu gani, nadhani alizoea. Yeye mwenyewe alibeba mwavuli, kigoda cha kukunja, darubini iliyofungwa ndani ya kilemba, ubao wa kuchorea, na bomba la plastiki la kuwekea karatasi zisikunjike. Nikamuuliza ubao wa nini. Akasema, "Wa kuchorea," kwa sauti ya mtu aliyeulizwa kijiko ni cha nini.

Njiani aligombana na mawe ya kilomita. "Hili limewekwa mbele mno," alisema, akaandika. Kilomita nane baadaye: "Na hili wamelirudisha nyuma. Wezi." Aliniambia nakaa upande, ndiyo maana gari linavutia kushoto. Gari likachemka tukalimiminia maji. Akaandika ni kiasi gani limekunywa, akanitazama kama mimi ndiye niliyekunywa. Kufika jioni ya siku ya pili nilikuwa sina hamu ya kuishi na mtu yeyote anayejua kuhesabu.

Chini ya mlima palikuwa na kambi ya watengeneza barabara, na mlinzi mmoja mwenye soksi za rangi mbili tofauti. Asubuhi alitutazama tukifunga viatu.

"Mnapanda? Kilele ni kile cha kushoto. Kuna bango kabisa kule juu."

"Nani kasema ni cha kushoto?" Mama Rula akamuuliza.

"Serikali, mama. Iko kwenye ramani."

"Serikali ni mimi."

Mlinzi akanigeukia mimi, kwa huruma, kama anayeuliza mama yangu ameanza lini. Nikatazama viatu vyangu.

Njia ilikuwa inapanda mpaka bonde dogo lililoko kati ya vilele viwili, na hapo mtu anachagua. Nilikuwa nimeshageukia kulia.

"Kwanza kushoto," alisema.

"Mama, cha kushoto si ndicho kisicho chenyewe?"

"Ndiyo. Naenda kuliona kosa langu. Miaka ishirini na sita naliona kwenye karatasi tu."

Kosa lake lilituchukua saa mbili kwenda juu. Alikuwa anahesabu hatua kwa sauti, na kila mia moja alisimama, akanisubiri nami nisimame, ingawa nilikuwa nyuma yake na nisingeweza kupita. Juu kabisa tulikuta bango la mbao limeandikwa HAPA NDIPO JUU KABISA, limezungukwa na chupa tupu za maji na majina ya watu yaliyokwaruzwa kwa misumari. Watu wengi mno. Na ukisimama pale ukitazama kulia, kile kilele kingine kipo mbele ya pua yako, kimekuzidi urefu waziwazi, hakihitaji kipimo.

"Watu wote hawa," nikasema, "hawakutazama pembeni?"

"Walitazama. Wakasoma bango, wakaamini bango." Aliweka rula juu ya maandishi. "Na limelala hili, toka mwanzo mpaka mwisho."

Alikaa dakika chache akitazama ng'ambo, mdomo umebana, kisha akasema tushuke. Na ni kwenye kushuka, tunarudi bondeni, ndipo goti lake lilipogoma. Halikuvunjika wala halikuvimba, lilikataa tu, kama punda. Nilimshika mkono mpaka chini, akafungua kigoda, akaketi chini ya mwavuli katikati ya mawe yale kama mtu anayesubiri kuhudumiwa benki.

"Utakwenda wewe," alisema.

Nilisema na Mungu wangu kimoyomoyo. Kama tungeanza na cha kulia tangu asubuhi, goti lingetufikisha, na saa hii tungekuwa kwenye kivuli cha gari tunakula mayai. Hapana, lazima alione kosa. Kosa ameliona, goti amelimaliza, na mlima wa kweli umeachiwa mchora mabango.

Akanipa karatasi mbili na penseli nene ya seremala. "Weka karatasi juu ya saruji, usiisogeze. Laza penseli, usiisimamishe. Sugua kwenda mbele tu, usirudi nyuma. Alichoandika kitatoka."

"Na kama nondo haipo, mama?"

"Utaniambia haipo."

"Na kama..."

"Fundi. Jua halikungoji."

Kilele cha kulia hakina njia, maana hakuna anayekipanda. Mawe yalikuwa yanateleza chini ya mguu, hatua mbili juu, moja chini. Shati liligandamana mgongoni. Nilipofika kama nusu nikakuta jiwe kubwa kama lori, lina kivuli kizuri upande wa nyuma, upande ambao bondeni hawaoni. Nikaingia kwenye kile kivuli nikakaa.

Nikakaa kweli. Nikanywa maji. Nikatazama karatasi na ile penseli. Likanijia wazo, na sitalificha: ningeweza kuweka karatasi juu ya jiwe lolote, nikasugua, nikasema maandishi yamefutika kwa upepo lakini nondo nimeiona. Mama angefurahi. Mzee angefurahi. Miguu yangu ingefurahi kuliko wote. Nondo yenyewe kama ipo itaendelea kuwepo, kama haipo basi hata nikipanda haitakuwepo. Nilikwishaanza hata kutafuta jiwe linalofanana na saruji.

Kisha nikaona ninachokifanya. Mtu amekaa kivulini, nusu ya mlima, anabuni. Ndivyo walivyosema yule mzee alifanya. Nilikuwa nimekaa ndani ya lile hema walilomsingizia, nimejinyoosha vizuri, na kama mtu angetokea wakati ule kukagua angeandika ukweli mtupu. Nikakasirika. Nilimkasirikia yeye Mama Rula, kwamba hata uvivu wangu mwenyewe asiniachie nikaufaidi kwa amani. Nikanyanyuka na hasira hizohizo, nikapanda.

Juu hapakuwa na nondo. Nilizunguka mara tatu. Mawe, mchanga uliorushwa na upepo, kinyesi cha ndege. Nilianza kutunga jinsi ya kumwambia. Ndipo nikaona doa la kutu kwenye mwamba, jembamba, limeteremka kama machozi ya rangi kwenye bango lililochorwa vibaya, na machozi ya rangi nayajua kuliko kitu chochote. Nikalifuata kwenda juu. Nikaondoa mawe, nikafagia mchanga kwa viganja. Nondo ilikuwa imekatika, imebaki urefu wa kidole, lakini saruji ilikuwa nzima. Mtu alikuwa ameiandika ikiwa mbichi, kwa msumari: namba ya kitabu, mwaka, na herufi mbili. Namba ilikuwa na saba mbili, zote zimepigwa mstari kiunoni.

Karatasi ya kwanza upepo uliichana. Ya pili niliilalia kwa viwiko vyote viwili, nikasugua huku pua ikigusa saruji.

Niliposhuka, Mama Rula aliipokea bila kuniuliza lolote. Akaiweka juu ya ule ubao wa kuchorea, ambao sasa nilijua ni wa nini. Akaikagua kona hadi kona.

"Umesugua kwa mshazari," alisema.

Hilo tu. Nimepanda vilele viwili, viganja vimechubuka, na hilo ndilo nililopewa. Nilimgeuzia kisogo. Lakini nikasikia kitu kinagonga ubao, tik tik tik, nikageuka. Alikuwa ameweka rula chini ya ile saba ya kwanza, rula ikigonga ubao.

"Hii saba nimemgombeza nayo tangu tuko shule," alisema. "Kila siku namwambia saba haivai mkanda."

Tulirudi nyumbani kwao jioni ya siku ya tano. Walikuwa wakiishi vyumba viwili nyuma ya fundi cherehani. Mzee alikuwa dirishani kwenye kiti chake. Mimi nilitaka kuondoka, lakini mama alisema nikae, shahidi haondoki. Nikasimama kando ya kabati, sijui mikono niiweke wapi.

Akamwekea karatasi magotini. "Kaka, pembetatu niliiweka upande usio wake. Niligeuza karatasi. Ulipanda. Walikuonea, na nilijua, nikanyamaza."

Mzee aliisogeza karatasi dirishani mpaka ikakaribia kugusa kope. "Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Kwamba uligeuza karatasi. Niliona siku ramani ilipotoka. Nani mwingine angekosea hivyo? Kila mtu pale alikuwa mzembe, wewe peke yako ulikuwa unaogopa wino kuchafuka."

"Ulijua. Miaka ishirini na sita."

"Ningesema, wangekufukuza wewe. Ulikuwa na watoto wawili. Mimi stoo ilinitosha."

"Na hukuniambia?"

"Mbona wewe hukuniambia?"

Wakatazamana. Na mimi pale kando ya kabati nilihisi damu inanipanda kichwani. Watu wawili wa nyumba moja, ukuta mmoja, wote wanajua jambo lilelile, kila mmoja amemfichia mwenzake robo karne, na anayetumwa kupanda mlima ni jirani. Nadhani niliguna kwa sauti, maana wote wawili walinigeukia.

"Wewe ndiye uliyefika?" mzee akaniuliza.

"Ndiyo, mzee."

"Hadi juu?"

"Hadi juu."

Akapitisha kidole juu ya saba. "Unajua, fundi, mtu akiambiwa kila siku kwamba hakufika, mwisho anaanza kujiuliza. Miaka hii ya mwisho nilikuwa siikumbuki vizuri ile siku. Nilikuwa nalala nikisema, labda wanasema kweli. Labda nilikaa kwenye hema." Akamgeukia dada yake. "Ulifanya vizuri kwenda, mdogo wangu. Lakini amesugua kwa mshazari huyu."

"Nimemwambia," Mama Rula alisema.

Barua ya kukiri kosa aliiandika mwenyewe, kwa kalamu ya wino, akaipeleka ofisi ya ramani, nami nikatia saini kama shahidi. Alinirudisha mara mbili kwa sababu ya saini. Mzee aliwahi kusomewa jibu lao, ingawa kuliona hakuliona. Walimwandikia mistari minne kwamba kumbukumbu zimesahihishwa. Ile karatasi ya penseli ilibaki ukutani juu ya kiti chake, na mara nyingi nilimkuta ameinyooshea mkono anaipapasa.

Mwishoni mwa mwaka ule binti wa Mama Rula akawachukua wote wawili wakaishi naye, mbali, goti lipate kutibiwa. Niliwapeleka stendi ya mabasi kwa pikapu. Nilipakia mizigo mara moja tu na hakuniambia niishushe, nikajua goti linamuuma kweli. Tangu mlimani hatukuwa tumezungumza habari za siku ile, na mimi lile jiwe nilikuwa nimelizika ndani kabisa, sikumwambia mtu, hata mke wangu.

Wakapanda. Mzee akakaa ndani, yeye dirishani. Dereva aliwasha injini. Nikanyanyua mkono kuaga, na kwa kuwa sina maneno nikaanza kurudi nyuma.

"Fundi," aliita, nikasogea. Aliinamisha kichwa dirishani, darubini ikiwa shingoni. "Nyuma ya lile jiwe kubwa kama lori."

Nilihisi masikio yanawaka moto. "Jiwe gani, mama?"

"Nilikuwa na saa mkononi," alisema. "Dakika kumi na tisa. Lakini ulinyanyuka."